Ukifika Dodoma usiishie mjini

Watu wengi ninaowajua hapa Dar wanaenda Dodoma kwa semina, harusi au kufuatilia faili wizarani, wanalala gesti mjini, kesho yake jioni wako kwenye treni wanarudi na vile vikasha vya zabibu vya kununua njiani. Mimi pia nilikuwa hivyo miaka yote, mpaka mwezi wa nane rafiki yangu mmoja Mgogo wa hapa Sinza aliponiambia twende kwao, upande wa Hombolo, kama kilomita 40 kutoka mjini, nikaone hizo zabibu zinatoka wapi.

Tangu treni ya SGR ianze kwenda Dodoma mwaka 2024 safari imekuwa nyepesi mno, tulitoka Dar alfajiri na kabla ya adhuhuri tuko juu ya bodaboda tunakula vumbi.

Kitongoji chenyewe nyumba hazifiki hata 30, mibuyu, mbuzi, na mashamba ya mizabibu yamepangwa kwa mistari kwenye waya. Bibi yake rafiki yangu akatupokea kwa “mbukwenyi”, kwa sababu tulikuwa wawili, ungekuwa peke yako ungeambiwa “mbukwa”. Nikampa shikamoo, akasema marahaba mjukuu wangu, akanisogezea kigoda na hakuna aliyeniuliza nimefuata nini. Usiku tukala ugali wa uwele na mlenda, tukakaa nje kwenye ule upepo wa baridi wa Dodoma, na yaani ukimya wa kule unausikia kabisa, mtu akikohoa nyumba ya tatu unajua ni nani.

Asubuhi tukaingia shamba kuvuna. Mzee mwenye shamba akanifundisha, unakinga kichala kwa kiganja kwa chini, unakata kikonyo kwa mkasi, usivute, ukivuta punje zinadondoka, na usizishikeshike maana kuna kama poda nyeupe juu ya ganda, ikifutika mnunuzi anajua zimeshikwashikwa anashusha bei. Baada ya saa moja vidole vyote vinanata na nyuki wanakufuata. Huku zabibu wanavuna mara mbili kwa mwaka, kwa sababu hakuna ile baridi kali ya Ulaya ya kuulaza mzabibu, mkulima mwenyewe ndiye anauamsha kwa kupogoa, akishavuna anapogoa tena na baada ya miezi michache ana mzigo mwingine. Hii kitu ilinishangaza sana, nchi kame vile.

Sasa shida iko hapa. Zabibu iliyoiva haisubiri. Mahindi unaweka gunia ndani unasubiri bei, zabibu ukichelewa siku chache inanyauka, inaoza, ndege na nyuki wanamaliza. Mzee alituambia msimu uliopita mnunuzi wake alimwahidi kuja Jumanne, akaja wiki iliyofuata, akakuta nyingine zimenyauka, akataja bei yake na mzee akakubali maana angefanya nini? Wenye uwezo wanakamua wenyewe wanauza mchuzi wa zabibu, yaani yale maji yake ya kutengenezea mvinyo, huo unaweza kukaa, lakini unataka matangi na mtaji, na pale kitongojini sikuona tangi hata moja.

Ndiyo maana nasema watu wa Dar twende. Twende wakati wa mavuno, tulale kule kwa heshima, muziki mkubwa tuuache huku, tununue palepale shambani kwa hela taslimu. Najua hatutamaliza tani zao, lakini mnunuzi wa pili akiwepo shambani mzee ana nguvu ya kusema hapana kwa yule wa kwanza. Na kwenye sendofu na harusi zetu naona mezani mvinyo wa Afrika Kusini umejipanga, wa Dodoma chupa mbili pembeni kama umekosea njia, hili linaniuma kabisa sasa hivi kwa sababu nimeiona ile mikono.

Tulirudi na maboksi mawili ya kilo 10. Moja halikufika jioni, majirani walilimaliza pale barazani wakiwa wamesimama, mama mmoja akasema hizi mbona hazifanani na za barabarani, nikamwambia zimekatwa jana. Mzee nimeshampigia simu, mavuno mengine ni mwezi wa tatu, na mpaka sasa wamejiandikisha watu sita.