Fundi, Hebu Weka Hiyo Silikoni Chini

Dari ya jirani wa chini ina doa la njano, keateka (mtunza jengo) amepanda ngazi kulalamika, na fundi amefika na bunduki ya silikoni tu. Anapaka mduara mweupe kuzunguka tundu la hodhi la kuogea, anapokea pesa zake, huyoo! Muda si muda dari inadondosha tena. Hapa Nairobi, Kileleshwa hadi South B, ni mtindo ule ule.

Jamani, kinachozuia maji ni mpira ulio chini ya hodhi, pale kikombe cha bomba la kutolea maji kinapokutana na tundu. Ukikauka, ukipasuka au ukikaa upande, maji yatapita. Silikoni iliyopakwa juu ya unyevu na mabaki ya sabuni haishiki, itabanduka tu. Na kwa vile mgao wa maji umetufanya tugeuze hodhi kuwa tangi, kiungo hicho kibovu kinabeba maji mchana kutwa.

Kwanza jua panapovuja. Kausha sakafu chini ya hodhi, tandaza gazeti, ziba tundu kwa kizibo kinachoshika vizuri, jaza maji kimo cha kiganja, subiri saa moja. Gazeti likilowa, mpira wa tundu ndio mbovu. Likibaki kavu, ng'oa kizibo: likilowa maji yanapotoka, angalia nati za trapu, lile bomba lililopinda chini ya tundu. Likilowa tu maji yakifika tundu la juu la kufurikia, mpira wa huko umekufa. Na kama huvuja mtu akioga kwa shawa tu, achana na bomba, kagua groutu ya ukutani, ile saruji iliyo kati ya vigae.

Mahodhi mengi yana skrubu moja ndefu katikati ya wavu wa tundu. Ifungue taratibu huku mwenzako akishikilia kikombe kwa chini, maana kikianguka kinavuta na bomba la kufurikia. Kwangua silikoni yote ya zamani, futa kwa spiriti, acha pakauke. Mpira mpya mnene unakaa chini. Juu, chini ya mdomo wa chuma, zungusha kamba ya puti, ule udongo laini wa kuzibia, yenye unene wa kalamu. Hiyo ni kwa hodhi la chuma. La akriliki, yaani la plastiki, halipatani na puti ya mafuta, na hapo, haya, nakubali shingo upande, silikoni ina kazi: chini ya mdomo, mahali pakavu, kisha saa 24 bila tone la maji. Kaza hadi puti ichungulie pande zote, basi. Ukizidisha, mpira unabinuka na umerudi pale pale. Skrubu yenye kutu itupe, nunua ya stenlesi.

Kwenye trapu, upande mwembamba wa washa (kile kipete cha kuzibia) uelekee ndani ya kiungo, upande bapa uguse nati. Kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko. Ile tepu nyeupe ya kuzungushia nyuzi za bomba haina kazi hapo.

Lakini tusimlaumu fundi peke yake. Anapaka juu kwa sababu chini hakufikiki! Nani aliwafundisha wajenzi wetu kuziba mbele ya hodhi kwa matofali na vigae bila kuacha hata kimlango? Sentimita 30 kwa 30 upande wa tundu, ubao uliobandikwa vigae, skrubu nne, imekwisha. Eti kimlango kinaharibu sura. Dari iliyooza ya jirani, hiyo ndiyo yenye sura? Mpira wa bei ya soda unageuka kazi ya kubomoa ukuta, na mpangaji ndiye anayeambiwa alipe.

Kama lako limeshazibwa, kata kimlango hicho sasa, na ukate kwa grainda. Anayekuja na nyundo mrudishe mlangoni, atakupasulia hodhi.