Niletee Chochote, Ila Niulize Kwanza

Hapa Mwanza ukipewa menyu yenye kurasa nane, usijisumbue kuisoma. Wenyeji tunaifunika na kumuuliza mhudumu, "Leo kuna nini?" Tumeshaumia sana. Unachagua sato wa nazi, anakwenda jikoni, anarudi: wa nazi hakuna. Basi kuku wa kuchoma. Kuku yupo, ila wa kukaanga, na usubiri dakika arobaini. Unaishia kula chipsi mayai huku menyu imelala pembeni na picha zake za rangi.

Kwa hiyo rafiki zangu waliponicheka kwamba nimelipa pesa kwenda kula mahali ambapo mteja hachagui, niliwajibu kwamba hata wao hawachagui. Wanazungushwa tu kabla ya kuambiwa.

Mahali penyewe ni nyumba ya kawaida upande wa Capri Point, sebule iliyotolewa makochi zikaingizwa meza nne. Jina silitaji, maana si yote nitakayosema ni sifa. Unapiga simu siku mbili kabla, unatuma nusu ya malipo kwa simu, unaambiwa ufike saa moja na nusu usiku. Zinakuja sahani sita ndogo ndogo, moja baada ya nyingine, na huambiwi ni nini mpaka umalize. Shilingi 70,000 kwa kichwa, vinywaji mbali.

Mtindo huu si wetu. Wajapani wanauita omakase, yaani nakuachia wewe: unakaa mbele ya mpishi wa sushi na yeye ndiye anayejua samaki gani ameingia vizuri asubuhi ile. Kule Catalonia, Hispania, mgahawa wa elBulli wa mpishi Ferran Adrià ulikuwa unamlisha mtu sahani zaidi ya 30 usiku mmoja, hadi ulipofungwa mwaka 2011. Sahani thelathini! Mimi ya saba ningekuwa nimelala.

Lakini ukifikiri vizuri, ni mahali gani panafaa kupikiwa hivi kuliko kando ya ziwa hili? Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi kukiwa na giza. Mbalamwezi ikiingia, wavuvi wanapumzika, nyavu zinaanikwa, na mwenye menyu iliyochapishwa "dagaa wa kukaanga" abaki nayo. Upepo ukikaza usiku, asubuhi kwenye soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba, sato wanahesabika na bei inapanda kabla jua halijapanda. Mpishi anayenunua kwa kuangalia samaki macho yake hawezi kuandika Jumatatu atakachopika Ijumaa. Mama ntilie amelijua hili siku zote, ndiyo maana hana menyu. Unakaa, anakutajia vilivyopo, na vikiwa viwili hivyo ndivyo. Tofauti na wale wa Capri Point ni kwamba yeye anakutajia.

Na hapo ndipo kwenye ugomvi wangu.

Nilikwenda na Shangazi. Alikuwa amekuja kutoka Nansio kwa ajili ya macho yake hospitali, nikaona nisimrudishe Ukerewe bila kumtembeza. Shangazi aliolewa kwa Wasabato na amekuwa Msabato kuliko aliowakuta. Samaki asiye na magamba hamgusi. Moja ya meli zilizobeba watu wa Nansio miaka nenda rudi inaitwa MV Clarias, na Clarias ni jina la kisayansi la kambale. Shangazi amempanda kambale mara nyingi sana. Kumla, hapana.

Sahani ya kwanza ilikuwa nzuri mno: dagaa watano waliokaushwa vizuri, wamelazwa juu ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyokaangwa ikawa kama kripsi, na ndimu kidogo. Shangazi alihesabu dagaa, akanitazama, akala. Ya pili mlenda, sina la kusema.

Ya tatu ikaja bakuli dogo la supu, kipande kimoja cha mnofu kimezama katikati, harufu ya moshi. Mhudumu, kijana mwenye adabu zake, akaweka, akarudi nyuma hatua mbili, akatabasamu. Mimi nikainua kijiko. Shangazi akainama, akanusa, akakigeuza kile kipande kwa ncha ya kijiko kuangalia upande wa ngozi.

"Baba, huyu ana magamba?"

Kijana akasema ni sapraizi, mama, onja kwanza.

"Sijakuuliza jina lake. Nimeuliza magamba."

Meza ya jirani wakaacha kutafuna. Kijana hakujua, au alijua akaogopa kuharibu mchezo, akakimbilia jikoni. Mpishi akatoka mwenyewe huku akifuta mikono kwenye aproni. Shikamoo mama. Marahaba. Akakiri: kambale wa kubanikwa. Shangazi akalisukuma bakuli taratibu, bila hasira, kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.

Mama yangu alikuwa na wageni kila wiki, na hakuna mgeni aliyewahi kuulizwa anataka kula nini. Ni aibu kumuuliza. Lakini siku moja kabla nilikuwa natumwa kwa waliomfahamu kuuliza kimyakimya: huyu anayekuja kesho anakula mbuzi? Ni Msabato? Ana mwiko wa ukoo? Na jogoo, ingawa sisi ni Wakatoliki, alichinjwa na jirani yetu Mwislamu ili yeyote atakayepita ale bila wasiwasi. Mgeni akikaa mezani anashangaa vizuri tu. Hachagui, ila ameshachaguliwa chakula na mtu aliyejishughulisha kumjua. Wale wa Capri Point walipokea pesa yangu siku mbili kabla na hawakuniuliza hata kama kuna mtu karanga zinamdhuru. Kumwachia mpishi ni sawa. Lakini kwa hilo anatakiwa kuwa mwenyeji, si mwanamazingaombwe.

Nimsifu lakini, maana alichofanya baadaye sijakisahau. Robo saa ikapita, akaja na sahani pana ambayo haikuwa kwenye mpango wowote. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hiki ni chakula cha vijana wake wa jikoni. Kichwa cha sangara kilichopasuliwa katikati, mgongo wenye vinyama vyake, nyanya, vitunguu, pilipili mbuzi, na bonge la ugali wa udaga, yaani wa muhogo.

Mapanki!

Asiye wa huku nimweleze. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaenea, viwanda vikaja. Kiwandani minofu inatolewa pande zote mbili na kusafirishwa nje, mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki, nayo yanakwenda zake Asia kwa bei ambayo siitaki hata kuitaja, na kinachobaki, kichwa, mifupa na mkia, ndiyo mapanki. Ndiyo tuliyolelewa nayo wengi wetu, na shuleni ulifichaficha kwamba jana kwenu mlikula hayo. Mpishi alikuwa amenunua sangara mzima: minofu ya wateja, mapanki ya wafanyakazi.

Shangazi akaomba maji ya kunawa. Hawakuwa na birika, likaletwa jagi la juisi na beseni la jikoni. Akakunja mikono ya blauzi, akaanza na shavu, akaja jicho, akafyonza mfupa mmoja mmoja na kuupanga ukingoni mwa sahani kama anayetunza kumbukumbu. Nikachovya nami. Ile supu yangu ya kambale ikapoa.

Sahani ya tano ilikuwa samoni. Nje ya dirisha taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga ziwani kama mji mwingine, na mimi nimeletewa samaki aliyepanda ndege. Ndivyo tulivyo: minofu yetu iende, ya wengine ije. Ningekuwa mimi yule mpishi, sahani ya vijana wa jikoni ndiyo ningeiweka katikati ya usiku, na beseni la maji ya moto lenye ndimu mlangoni.

Ya sita ilikuwa tamu, ndogo, imekwisha.

Shangazi aliuliza bei njiani, kwenye bajaji. Nikamwambia elfu ishirini, wote wawili. Nasikia Nansio nzima sasa inajua kwamba mjini mapanki yanauzwa elfu ishirini, na maji ya kunawa mpaka uyaombe.