Fundi akihesabu waya kwa simu

Mteja akimkuta fundi umeme chini ya ngazi anabonyezabonyeza simu, hudhani yuko WhatsApp. Mafundi wakongwe nao huguna: "Soketi waya wa 2.5, taa waya wa 1.5. Unahesabu nini hapo?" Kanuni hiyo (namba ni unene wa waya kwa milimita za mraba) tuliikuta kazini sote, na kwenye nyumba ya vyumba vitatu haijaleta maafa. Ila haiulizi kabisa soketi ya mwisho iko umbali gani. Programu ya simu ya kukokotoa unene wa waya haikupi jibu mpaka ujaze urefu, na kwangu mimi hilo peke yake linatosha kuitetea.

Chukua steshenari iliyo nyuma ya jengo, mita 45 kutoka kwenye breka. Kompyuta sita, fotokopi, kiyoyozi. Mzigo, yaani umeme unaovutwa na vifaa vyote, ukijaa ni ampea 20. Kwa kubeba ampea, waya wa 2.5 unafaulu. Sasa weka urefu. Majedwali ya BS 7671, kanuni za Uingereza ambazo mafundi wengi wa kwetu wamesomea, yanautoza waya huo milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita. Zidisha: volti 16.2 zimepotelea njiani, asilimia 7 ya 230, wakati kinachopendekezwa ni zisizidi asilimia 5. Waya wa 4 ungepoteza volti 9.9.

Volti 16 zinasikika kidogo. Zizidishe kwa zile ampea 20 uone: wati 324 zinapasha moto waya ukutani, na LUKU inazikata kama kawaida. Mwenye duka huyohuyo amezipanga kompyuta zote zilale baada ya dakika tano, na humfokea kijana akisahau kuzima moja. Kwenye skrini ameweka samaki wanaoogelea, eti wanabana umeme (hawabani chochote, picha hizo zilibuniwa kulinda skrini za zamani zisibaki na alama). Kompyuta ya mezani iliyotulia hula kama wati 60. Basi ndani ya ukuta wake kuna kompyuta tano zinawaka, na hakuna aliyezikalia. Kwa saa nane ni uniti 2.6.

Ni kweli, mzigo haujai kutwa nzima. Ukishuka nusu, upotevu unashuka hadi robo, wati 81. Hata hivyo fotokopi na kiyoyozi hushika pamoja mchana, joto likiwa kali na wanafunzi wamejaa kaunta. Kama volti za mtaani nazo ziko chini saa hiyo, ndipo UPS, zile betri za akiba za kompyuta, zinapoanza kulia.

Wakongwe wana lao, na si dogo. Programu nyingi za bure zimetungwa kwa Marekani, huko volti ni 120 na waya hupimwa kwa namba za geji. Kijana asipobadilisha mpangilio anapata jibu la Texas. Majedwali yenyewe yanachukulia joto la nyuzi 30. Juu ya dari, chini ya bati, Dar es Salaam ya Januari, joto linapita hapo kwa mbali. Likifika 50, waya wa PVC, wenye ganda la plastiki, unabaki na asilimia 71 tu ya ampea zake. Kuna programu zina kisanduku cha joto, lakini ni nani anayekigusa?

Halafu kuna waya feki. Ganda limeandikwa 2.5, ndani shaba ni nyembamba, na simu inaamini maandishi. Mzee aliyemenya waya miaka thelathini anaugundua kwa vidole kabla hajaulipia.

Kwa hiyo kazi ikiisha, washa kila kitu dukani, pima volti kwenye breka, kisha kwenye soketi ya mwisho. Tofauti ikizidi ile iliyotoka kwenye simu, rudi duka ulikonunua waya na kile kipande ulichobakiza.