Maji hujaa saa kumi: wanawake, ndege na kazi ya kujitolea Unguja na Pemba

Kwenye mabonde ya mpunga ya Pemba, kuamia ndege ni kazi ya wanawake na watoto. Punje zikianza kutia maziwa, mtu huwa bondeni tangu kunapambazuka hadi jua linazama. Anajua mnana wanaingia kwa upande gani, wanapumzika mti upi, na saa gani hawarudi tena. Huyo hakuna anayemwita mtaalamu wa ndege. Huko Ngezi, kaskazini-magharibi ya kisiwa hichohicho, mgeni hulipa fedha apelekwe msituni kumsikia bundi wa Pemba, na kwa kawaida anayempeleka ni mwanamume.

Pengo hilo limezua mabishano. Wapo wanaosema dawa yake ni kujitolea: wasichana waingizwe kwenye hesabu za ndege, wapewe darubini, wajifunze, na ajira zitafuata. Wengine wanasema kujitolea ndiko kunakowaweka palepale, kwa kuwa mwanamke wa visiwani tayari anafanya kazi nyingi zisizolipwa na hii inakuwa moja zaidi, yenye fulana na cheti. Kila upande una haki yake. Ila wote wawili wanaipita ratiba, na ratiba ndiyo inayoamua nani anaweza kuja.

Tuanze na pwani. Ndege wageni wa ufukweni, vitwitwi wa kila namna, pamoja na yule mkubwa mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa (wataalamu humwita Dromas ardeola), hukaa kwetu zaidi kati ya Septemba na Aprili. Sensa ya kimataifa ya ndege wa majini hufanyika kila Januari, katikati ya kaskazi. Maji yakiwa yamekupwa ndege hawa hawahesabiki sawasawa, maana wanatawanyika kwenye kilomita nzima za tope na mchanga wakila. Huhesabiwa maji yanapojaa, wanapokusanywa na bahari kwenye kipande kidogo cha mchanga kisichofunikwa. Watu hufika muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa, jua likiwa mgongoni, wakasimama mbali kiasi cha kutowashtua ndege. Mmoja hutazama kwa darubini ya miguu mitatu, wa pili huandika, wa tatu kazi yake ni kuangalia tu nani ameruka na ameangukia wapi. Kundi kubwa hugawanywa kwa macho katika mafungu ya kumi, kisha ya mia. Kosa la kawaida ni kuwahesabu ndege walewale mara mbili baada ya kushtuliwa na mbwa, au na kaiti za wachezaji wa pwani kama ile ya Paje. Yule mtu wa tatu huonekana hana kazi, lakini akikosekana hesabu huharibika.

Sasa tazama saa. Unguja na Pemba, wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi na hujaa mnamo saa kumi alasiri. Kujaa kwa pili ni saa kumi usiku, gizani, hakumfai mtu wa kuhesabu. Maji mafu, yale madogo ya kati ya bamvua mbili, hujaa asubuhi, saa nzuri kwa kila mtu, lakini hayapandi vya kutosha kuwasukuma ndege pamoja. Kwa hiyo hesabu iliyo bora kisayansi inaangukia alasiri: watoto wanatoka madrasa, chungu kinataka kuinjikwa, na mkulima wa mwani aliyeingia majini tangu saa tatu ndio kwanza amemaliza kuanika. Anayeombwa ajitolee saa hiyo anaombwa saa pekee ya siku aliyokuwa akae kitako.

Hapa ndipo hoja ya wanaopinga kujitolea inapokuwa na nguvu kuliko wanavyoieleza wenyewe. Husema habari ya fedha, na fedha ni kweli, lakini fedha peke yake haimpikii mtu. Mradi unaolipa nauli na posho ndogo bila kugusa saa utapata wasichana ambao hawajaolewa, kwa miaka miwili mitatu, kisha utawapoteza na kuandika kwenye ripoti kwamba wanawake hawadumu.

Wanaotetea kujitolea nao hawaoti. Ndege hujulikana kwa saa nyingi za kusikiliza na kutazama, na hakuna darasa linaloweza kutoa saa hizo. Msichana anayesoma mambo ya mazingira katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, au aliyevuka kwenda Mweka ama Morogoro kwa masomo ya wanyamapori, anamaliza na shahada lakini hatofautishi sauti mbili msituni. Mwajiri anataka anayezitofautisha. Orodha zinazotunzwa kwenye programu ya simu kama eBird, zenye saa ya kuanza, muda, umbali na idadi ya kila aina, humpa rekodi yenye jina lake, na hiyo ni zaidi ya barua ya kusifiwa. Inataka uangalifu lakini: orodha isiyo na muda wala umbali haisaidii uchambuzi, na mwenye haraka ya kuongeza aina huandika alichodhani amekisikia.

Watetezi hupenda pia kutoa mfano wa Uingereza. Mwaka 1889 Emily Williamson alianzisha huko Didsbury, karibu na Manchester, chama cha wanawake waliokataa kuvaa manyoya ya ndege kwenye kofia. Mwaka 1891 kiliungana na kikundi cha Eliza Phillips, kikawa ndicho kile ambacho leo ni chama kikubwa cha kulinda ndege nchini humo, RSPB. Sheria ya kuzuia kuingiza manyoya hayo ilipatikana mwaka 1921. Ni kazi ya wanawake waliojitolea, hakuna ubishi. Ila walikuwa wanawake wenye nafasi, wenye watu wa kuwapikia na kuwalelea. Kuutoa mfano huo Micheweni, huko Pemba, bila kulitaja hilo ni kumdanganya msikilizaji.

Kuna hoja ya tatu isiyohusu haki za mtu, inahusu ubora wa elimu yenyewe. Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya na Marekani waliandika kwamba kuimba ni kazi ya dume. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kuwa katika asilimia 71 ya aina za ndege waimbaji zilizochunguzwa, majike nayo huimba. Mwaka 2020 wengine wakatazama nani anaandika juu ya jambo hilo: katika makala za nyimbo za majike, waandishi wa kwanza wanawake walikuwa asilimia 68, wakati katika makala za nyimbo za ndege kwa jumla walikuwa asilimia 44. Anayetazama hubadilisha kinachoonekana. Pemba ina aina nne za ndege wasiopatikana kwingine duniani, yaani bundi, ninga, chozi na kinengenenge, na wote wanne walielezwa kisayansi na wanaume wa Ulaya kati ya 1905 na 1940. Chozi dume anang'aa kama chuma kilichosuguliwa na ndiye anayepigwa picha. Jike, aliyefifia rangi, mara nyingi huachwa kwenye orodha kwa kuwa aliyetazama hakuwa na uhakika.

Twende msituni, maana huko ndiko kwenye mvutano mkali zaidi. Bundi wa Pemba ni mdogo, hutambulika kwa sauti kuliko kwa macho, na hufanyiwa kazi usiku. Mtu husimama kituo kimoja, hutulia dakika moja au mbili, husikiliza dakika tano, huandika upande na umbali wa kila sauti, kisha husogea mita mia tano hivi kwa kituo cha pili ili asimhesabu bundi yuleyule tena. Kupiga sauti iliyorekodiwa ili bundi ajibu huharakisha kazi, lakini humvuta ndege kutoka alipokuwa na kuchafua hesabu. Ikirudiwa kila siku kwa ajili ya watalii humchosha na kumsumbua penye kiota.

Usiku una maneno yake. Binti anayetoka nyumbani baada ya magharibi ana majirani, na binti anayetoka kumsikiliza bundi, ndege ambaye wengi wanamhesabu kuwa nuksi, ana majirani maradufu. Ndiyo maana baadhi ya wapangaji, kwa nia njema kabisa, huwapa wanawake kazi za mchana na za mezani: kujaza fomu, kuingiza takwimu kwenye kompyuta, kuelimisha skuli. Sisi hatuuafiki mpango huo. Ngezi bundi ndiye mwenye fedha: ndiye mgeni anayemlipia na ndiye mtafiti anayemfuata. Aliyeondolewa usiku ameondolewa kwenye sehemu ya kazi inayolipa, na baada ya miaka mitano ataambiwa hana uzoefu wa msituni.

Lakini pia si haki kuifanya familia kuwa adui wa maendeleo. Baba anayeuliza nani anaendesha gari, wanakwenda wangapi, wanarudi saa ngapi, anauliza yale ambayo kila mradi ulipaswa kuulizwa hata kwa vijana wa kiume. Majibu yapo, na si ghali. Usiku wa kazi hii hauhitaji kuwa usiku wa manane. Jua la Pemba huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, bundi huanza kuita giza likiingia, na kazi ya saa mbili inaweza kumalizika kabla ya saa tatu. Waende wanawake wawili wawili, si mmoja kati ya wanaume sita. Dereva awe mtu anayejulikana, gari na si bodaboda, na sheha apewe barua yenye majina na saa ya kurudi. Na walipwe. Kazi ya usiku ya kujitolea hatuioni kuwa na utetezi wowote, kwa mwanamke wala kwa mwanamume.

Kuwanasa ndege na kuwavisha pete ya namba mguuni, ili wajulikane wakionekana tena, ni habari nyingine. Nyavu za mita kumi na mbili hufunguliwa alfajiri, hukaguliwa kila dakika ishirini au thelathini, na hufungwa mara moja ikianza mvua, upepo mkali au jua kuwaka. Ndege hushikwa shingo ikiwa kati ya kidole cha shahada na cha kati, bila kubanwa kifua, maana ndege akibanwa kifua hapumui. Kinengenenge hutembea kwa makundi: kumi wakinasa kwa pamoja na mikono yenye ujuzi ni miwili tu, nyavu nyingine lazima zifungwe hapohapo. Mwanafunzi anahitaji kupitisha mamia ya ndege mikononi mwake chini ya macho ya mwalimu kabla ya kuachiwa peke yake, na mwalimu huyo hukaa naye bega kwa bega, mkono juu ya mkono. Kama walimu wote ni wanaume, wasichana wengi wataishia hapo bila kusema sababu. Mwalimu mmoja mwanamke, hata akaazimwa kutoka Nairobi kwa wiki tatu, angesaidia kuliko semina kumi za kuhamasisha.

Jambo dogo linaloachwa nje ya kila mpango: choo. Kwa muda wa saa nne kwenye ufukwe mtupu, wanaume wanajisogeza kichakani, wanawake hawanywi maji tangu asubuhi ili wasihitaji. Katika jua la Januari hiyo ni njia ya kuumwa. Nyumba moja ya karibu iliyoombwa mapema na kulipwa kidogo inatosha.

Kuhusu saa ya kuhesabu, wapo watakaosema kuwa kuibadilisha ni kuvunja mfululizo: hesabu ya mwaka huu hailingani na ya miaka iliyopita, na sayansi haiwezi kufuata ratiba ya jiko. Ni pingamizi la kweli. Hata hivyo siku mbili tatu kabla ya bamvua kamili maji hujaa mnamo saa nane hadi saa tisa, na kwenye fukwe nyembamba kimo hicho tayari kinawakusanya ndege. Penye mchanga mpana hakitoshi. Kinachotakiwa ni kuhesabu mara mbili, siku ya mapema na siku ya bamvua, mahali palepale, kwa misimu miwili, na kuona tofauti ni kiasi gani. Ikiwa ndogo, saa nane ichukuliwe. Ikiwa kubwa, saa kumi ibaki, na mwenye mradi alipe msichana wa kulea watoto kama anavyolipa mafuta ya gari.

Na kuna tarehe ya kuwekwa kwenye kalenda. Mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuingia mwanzoni mwa Januari, ndani ya mwezi wa sensa. Mwandamo huja na bamvua, kwa hiyo siku za mwanzo za mfungo maji yatajaa mnamo saa kumi alasiri, saa ambayo jikoni viazi vya futari vinamenywa.