Niliahidi Ishirini, Nikaleta Tano

Baba yangu mkubwa ni kambista, mbadilisha pesa, hapa Lubumbashi. Kila dola iliyolipia minervali, yaani karo yangu, ilipita kwanza chini ya toshi yake ya urujuanimno ya kukagulia noti. Ndiyo toshi niliyomwomba siku ya jaribio langu, maana taa ya labo ilikuwa imekufa zamani. "Toshi yangu haitembeake peke yake," akasema, akaja nayo mwenyewe, kavaa shati jeupe la Jumapili.

Nilimwahidi kijani. Nilikuwa natengeneza fuwele za perovskiti, za sesiamu, madini ya risasi na bromidi, ndogo kiasi kwamba upange kama laki moja ndipo upate milimita moja. Kwenye nyuzi 170 zinatoka na umbo la vipande vya sukari, na ukizimulika zinawaka kijani safi. Kipimajoto kikagusa 170. Nikashika siringi yenye sesiamu.

Umeme ukaenda.

Mwenye akili angeacha. Mimi nikatoka kugombana na mwenzangu juu ya petroli ya jenereta (ya kwangu, aliimwaga kwenye pikipiki yake), na niliporudi kipimajoto kinasoma 100. Nikasukuma siringi hivyo hivyo, nikahesabu hadi tano, nikaitumbukiza chupa kwenye barafu niliyonunua kwa mama muuza maji.

Baba mkubwa akawasha toshi. Bluu.

"Bluu?" Akainama karibu, kama anakagua noti ya mtu asiyemwamini. "Mutoto, utepe wa noti ya dola ishirini njo unawakaka kijani. Bluu ni ya tano. Uliniahidia ishirini, unaniletea tano?"

Nikajitetea. Kwenye mafuta ninayopikia fuwele kuna kemikali iitwayo oleilamini, inayong'ang'ania uso wa fuwele. Moto ukiwa mkali inashika na kuachia, fuwele inanenepa pande zote sawasawa. Joto likishuka, inaganda kwenye nyuso mbili kama mdai mlangoni, haibanduki. Fuwele inabaki kutanuka ubavuni tu. Hapo unapata vibao vyembamba, tabaka chache za atomu, na wembamba huo ndio unaougeuza mwanga kuwa bluu.

"Basi ni bukari," akasema. "Maji haijachemka, unatia bunga. Unashangaa nini?"

Sikuwa na jibu. Jirani yangu wa meza akaandika maneno hayo kwenye daftari lake.

Baba mkubwa akageuka aondoke, toshi bado inawaka, mwanga ukampitia kifuani. Shati zima likalipuka bluu, kola mpaka mikono, kali kuliko chupa yangu. Ni dawa ya kung'arishia nguo iliyomo kwenye sabuni ya unga, kila mkemia anaijua, lakini nani angenisikiliza? Akaitazama chupa. Akalitazama shati.

"Miaka tatu ya minervali," akasema polepole, "na sabuni ya mama yako mukubwa inafanya hii hii."