Fargas hakuanzia kwa Huggy Bear
Makala moja inadai ati mwigizaji Mmarekani Antonio Fargas "aliibuliwa" na televisheni mwaka 1975, alipocheza Huggy Bear kwenye tamthilia ya polisi ya Starsky & Hutch. Mwandishi karuka miaka minne mizima. Filamu ya Shaft ya 1971 yumo, Across 110th Street ya 1972 yumo, Cleopatra Jones yumo. Foxy Brown ya 1974 ndiyo kabisa: yeye ni Link, kaka wa Pam Grier, nyota wa filamu hiyo, anayemuuza mpenzi wa dada yake kwa wauza unga ili deni lake liishe. Msaliti, lakini ule uso wenye woga unakufanya umwonee huruma. Stelingi wengi wa enzi zile hawakuliweza hilo. Halafu 1988, kwenye vichekesho vya I'm Gonna Git You Sucka, akajicheka mwenyewe, kavaa viatu vya soli ndefu vyenye samaki ndani! Nyie mlimjulia filamu ipi?