Steringi Hafi, na Siku Hizi Habadiliki

Mtu aliyekulia katika vibanda vya video vya mjini Lindi hahitaji kufundishwa kanuni ya kwanza ya filamu za mapambano: steringi hafi. Ukiwa umebanwa kwenye benchi la mbao pale Mtanda, jasho likikutiririka na sauti ya mtafsiri ikishindana na mngurumo wa jenereta, ulijua tangu dakika za mwanzo kwamba yule aliyetambulishwa kuwa steringi atapigwa, atatupwa kutoka ghorofani, pengine hata atazikwa, na mwishowe atanyanyuka amalizane na adui. Hatukuiona kanuni hiyo kuwa kasoro, kwa sababu kiingilio chetu hatukukitoa ili tujue kama atapona. Tulitaka kujua atakuwa mtu wa namna gani baada ya kupona.

Maoni yangu ni kwamba filamu nyingi za mashujaa wenye nguvu za ajabu zilizotoka katika miaka hii ya karibuni zimeipeleka kanuni hiyo mahali ambapo haikustahili kufika. Zamani tulichohakikishiwa ni uhai wa steringi tu. Siku hizi tunahakikishiwa pia kwamba hatatikiswa rohoni, kwamba kosa lake halitamsumbua zaidi ya dakika kumi, na kwamba chochote atakachopoteza leo kuna filamu nyingine inayoandaliwa ili kumrudishia. Teknolojia ya picha imeendelea kwa kiwango ambacho sisi wa vibandani tusingekiota, lakini mtu aliyemo ndani ya lile vazi amezidi kuwa mwepesi, na wakati mwingine huwa najiuliza kama yumo kweli.

Jambo hili lilinikaa kichwani kwa sababu ya mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, ambaye huja nyumbani siku za Jumapili na flashi iliyojaa filamu. Siku moja tulitazama *Avengers: Endgame* ya mwaka 2019, na Gamora alipotokea nikamuuliza, kwani huyu si ndiye aliyetupwa jabalini na Thanos katika filamu ya mwaka uliotangulia? "Mjomba, huyo si yule," alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Yule kafa kweli. Huyu katoka wakati mwingine." Alilisema hilo kama mtu anayekueleza kwamba basi la saa kumi na mbili limejaa lakini la saa moja lina nafasi. Loki naye alivunjwa shingo mwanzoni mwa filamu ile ile ya mwaka 2018, na kufikia 2021 alikuwa na mfululizo wake mwenyewe wa televisheni. Mwezi Julai 2024 ikatangazwa kwamba Robert Downey Jr., ambaye kifo cha mhusika wake Tony Stark ndicho kilichotutoa machozi katika *Endgame*, atarudi kucheza adui aitwaye Doctor Doom.

Sipingi wafu kurudi. Hadithi tulizosimuliwa na bibi zetu zimejaa wafu wanaorudi, na wengi wao walirudi na masharti magumu kuliko waliyoondoka nayo. Ninachokipinga ni kwamba walio hai katika filamu hizi hawapewi nafasi ya kumaliza matanga. Mwandishi anayejua kwamba marehemu yuko njiani kurudi hana sababu ya kumfundisha ndugu wa marehemu namna ya kuishi bila yeye, na kule kujifunza kuishi bila mtu ndiko ambako tabia ya mhusika ingepata kuonekana.

Nitatoa mfano wa filamu ambayo sijaichoka hadi leo. *Spider-Man 2*, iliyoongozwa na Sam Raimi na kutoka mwaka 2004, inamwonyesha Peter Parker, kijana ambaye ndiye Spider-Man, akifukuzwa kazi ya kupeleka piza kwa sababu amechelewa, akidaiwa kodi ya chumba, na akizidi kuachwa nyuma katika masomo ya chuo. Nakumbuka pale kibandani, alipofukuzwa kazi, kibarua mmoja wa kubeba magunia ya korosho aliyekuwa amekaa mbele yangu alipiga goti lake kwa kiganja na kusema kwa sauti, "Kibarua kimeshaota nyasi hicho!" Ukumbi mzima ukacheka, na kile kilikuwa kicheko cha watu waliomtambua mwenzao. Kuanzia hapo, kila alipojirusha kati ya maghorofa, tulikuwa tukimtazama mtu anayedaiwa.

Hata hivyo, tukio ninalolirudia kila mara halina ghorofa wala utando. Peter amekaa mezani na May, mke wa marehemu Ben, ndugu wa baba yake. (Filamu zenyewe hutafsiriwa kwa kumwita May shangazi, lakini mtafsiri wetu alimwita mama mkubwa, na mpaka leo naona alikuwa sahihi kuliko wote, kwani mke wa ndugu wa baba hajawahi kuwa shangazi.) Peter anamkiri kwamba mwizi aliyemuua Ben alipita mbele yake, naye angeweza kumzuia, akamwacha. May alikuwa amemshika mkono. Hamfokei wala halii kwa sauti. Anauondoa mkono wake polepole kutoka kwenye mkono wa kijana, anainuka, na kupanda ngazi kwenda chumbani bila kusema neno, akimwacha peke yake pale mezani. Mtafsiri wetu, ambaye kwa kawaida hakuweza kunyamaza hata sekunde tano, alinyamaza. Uwezo wa kunyanyua gari haukuwa na faida yoyote mbele ya mkono ule ulioondolewa, na mwandishi alikuwa na ujasiri wa kutomtafutia Peter njia ya kutorokea. Msamaha unakuja baadaye, May akiwa anafungasha vitu vyake kwa sababu ameshindwa kuilipia nyumba. Amesamehe, na nyumba imekwenda vilevile.

Linganisha na *Thor: Love and Thunder* ya mwaka 2022, ambayo inaniudhi kuliko filamu mbaya za kawaida kwa sababu mbegu yake ilikuwa nzuri. Inaanza na Gorr, aliyeigizwa na Christian Bale, akiwa jangwani na binti yake anayekufa kwa kiu huku yeye akimwomba mungu wao. Mtoto anakufa. Muda mfupi baadaye baba anamkuta mungu yule akila na kunywa kwenye kivuli, na anapomweleza shida yake anachekwa. Mtu huyo ana hoja ambayo hata mwenye imani kali hawezi kuipuuza. Katika filamu hiyo hiyo Jane Foster anaumwa saratani iliyofikia hatua ya nne, na kila anaposhika nyundo ya Thor ili awe shujaa, mwili wake unazidi kukosa nguvu ya kupambana na ugonjwa. Chaguo hilo peke yake lingetosha kujaza filamu nzima. Badala yake tunaletewa mbuzi wawili wanaopiga mayowe, na wanarudi tena na tena, na kila jeraha linapokaribia kuonekana kuna mzaha unaokuja kulifunika. Mzaha si dhambi. Watu wa pwani tunataniana hadi msibani, na wenye utani huja kuvunja watu mbavu mbele ya maiti. Lakini mtani wa msibani anafanya hivyo kwa kuwa anaujua uzito wa kilicholala pale ndani, na akimaliza kutania hukamata jembe akaenda kuchimba kaburi. Mzaha wa filamu hizi haujui jembe liko wapi.

Sisemi kwamba filamu za zamani zote zilikuwa nzuri na za sasa zote ni takataka. *Black Panther* ya Ryan Coogler, ya mwaka 2018, ina adui ambaye anamlazimisha steringi kubadili siasa ya nchi yake. Killmonger ni mtoto aliyetelekezwa Marekani baada ya mfalme wa Wakanda kumuua baba yake, ambaye alikuwa ndugu yake mfalme mwenyewe, na T'Challa, steringi na mwana wa mfalme huyo, anapoligundua hilo analazimika kumkasirikia baba aliyekuwa akimwomboleza. Mwishoni anamshinda binamu yake kwa silaha lakini anakubali sehemu ya madai yake, naye Killmonger anakataa kutibiwa kwa kuwa anakiona kifo kuwa bora kuliko kufungwa. Pigano lao la mwisho ni la kawaida mno, miili miwili ya kompyuta ikibiringishana, ila kwa sababu kila mmoja ana jambo analolidai, tunavumilia. Naongeza pia filamu ya tatu ya *Guardians of the Galaxy*, ya mwaka 2023, ambamo mnyama aliyetengenezwa maabara amepewa utoto wenye huzuni nzito kuliko ya mashujaa wengi wenye sura ya binadamu.

Sababu ya udhaifu huu, kwa sehemu kubwa, ni wingi wa bidhaa. Mwaka 2021 peke yake Marvel, kampuni inayotengeneza nyingi za filamu hizi, ilikuwa na filamu nne na mifululizo mitano ya televisheni. Mojawapo ya filamu hizo, *Eternals*, ilitambulisha mashujaa kumi wapya kwa mpigo. Zigawe dakika zake 156 kwa watu kumi, utapata kama robo saa kwa kila mmoja, na hapo bado hujayatoa mapigano. Bob Iger, aliyekuwa wakati huo mkuu wa Disney, kampuni inayoimiliki Marvel, alikiri hadharani mwaka 2023 kwamba wingi huo ulitawanya umakini wa watu wake, na mwaka uliofuata akasema idadi itapunguzwa. Ni hatua nzuri, ingawa kupunguza idadi ya sufuria jikoni hakumpi mpishi ujuzi wa kuonja chumvi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi wa mkoa huu tunao mfano wa namna ya kumwandika mtu mwenye nguvu za ajabu, nao hauhitaji kompyuta. Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905 katika vilima vya Matumbi, upande wa Kilwa, vilibebwa na imani kwamba dawa ya Kinjikitile ingezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hii ya kusini, aliiandika habari hiyo kuwa tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969 kwa jina la *Kinjeketile*. Hussein hakujishughulisha sana na swali la kama dawa inafanya kazi. Alimchukua mtu aliyepewa nguvu, akamtia shaka juu ya nguvu yenyewe, kisha akamwonyesha namna watu wanavyoshindwa kumsubiri kwa sababu neno alilolitoa limeshakuwa kubwa kuliko yeye. Anapokuwa mikononi mwa Wajerumani na kutakiwa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa, ingawa imani yake mwenyewe imeshavunjika. Nilipoisoma nilikaa na kitabu mapajani kwa muda mrefu, nikijaribu kuamua kama mtu yule alikuwa mkweli au mwongo, na sijaamua bado.

Mpwa wangu aliponisikiliza nikiyasema haya alinijibu kwamba nataka filamu za watoto ziwe tamthilia za darasani, na kwamba watu hulipa pesa ili wapumzike. Anayo haki kiasi, lakini yule kibarua wa magunia alikwenda kibandani kupumzika vilevile, na alichokiona kikamfanya apige goti. Filamu ya Doom ikifika nitaitazama, na nina hakika itafika kwa flashi ya kijana huyu kabla sijaitafuta mwenyewe. Majiji yatakayobomolewa nitayapita haraka. Nitakuwa nasubiri kuona kama kuna mahali watakapomketisha mezani, bila kofia ya chuma, na mtu mmoja ambaye anaogopa kumpoteza, na kama mtu huyo ataruhusiwa kuinuka na kupanda ngazi.